Barabara ya Pwani Inakuja, Wageni Watalala Wapi?

Ukikaa kijiweni Pangani siku hizi, au ukipanda kivuko kwenda Bweni, mazungumzo hayachukui muda kufika kwenye barabara. Lami ya kutoka Bagamoyo kupitia Saadani na Pangani hadi Tanga, kilomita 256, inajengwa kipande kwa kipande kwa fedha za Serikali na mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, na juu ya Mto Pangani linawekwa daraja la mita 525. Kila mtu anahesabu saa. Anayetoka Dar es Salaam hatalazimika tena kuzunguka Chalinze, Segera na Muheza ndipo aione Pangani, na anayetoka Mombasa kupitia Horohoro ataweza kufuata pwani mpaka Bagamoyo. Kutokana na hesabu hiyo ya saa limezaliwa hitimisho ninalolisikia kwa viongozi, kwa wenye nyumba za wageni na hata kwa vijana wa bodaboda: njia ikifupika watalii watamiminika, na watalii wakimiminika fedha zitabaki Tanga.

Sehemu ya kwanza ya hitimisho hilo naikubali, ya pili siikubali. Utalii ambao mkoa wa Tanga unaweza kuuuza kwa dunia ni ule wa kupanda milima kwa miguu, kuingia msituni na kurunzi, kwenda baharini na nahodha anayejua miamba, kungoja kasa atoke majini. Watu wa misitu wanauita utalii ikolojia. Katika utalii huu fedha hulipwa kwa usiku unaolalwa na kwa ujuzi wa mtu anayekuongoza. Barabara nzuri inarahisisha kufika, lakini inarahisisha vilevile kuondoka. Tusipoamua mapema nani atamlaza mgeni, nani atamwongoza na ada anayolipa inakwenda wapi, lami hii itaifanya pwani yetu kuwa mahali pa kupiga picha, kunywa dafu na kuendelea na safari. Nayaandika haya wakati mitambo bado iko barabarani kwa sababu mambo ya namna hii huamuliwa kabla ya utepe kukatwa.

Tuanze na tofauti ambayo wengi wanaipuuza. Mgeni anayekwenda Serengeti au Ngorongoro ananunua kitu anachoweza kukiona akiwa ameketi ndani ya gari. Simba yuko pale, nyumbu wako pale, dirisha linatosha. Tanga haina bidhaa ya namna hiyo, na itakosea ikijaribu kuiiga. Saadani, iliyotangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2005, ina ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 1,100 na ndiyo hifadhi ya taifa pekee nchini iliyo bara na inayogusa Bahari ya Hindi kwa ufukwe wake. Wanyama wapo, tembo, twiga, nyati, lakini hawajipangi mbele ya gari kama kaskazini. Utamu wake uko kwenye boti ndani ya Mto Wami, katikati ya viboko na mikoko, na kwenye ufukwe ambako kasa hupanda kutaga. Amani, kule Usambara Mashariki, ilitangazwa hifadhi ya mazingira asilia mwaka 1997 na ina zaidi ya hekta 8,000 za msitu wa safu ya milima ya Tao la Mashariki, wenye mimea, vyura, ndege na vinyonga ambao baadhi yao hawapatikani kwingine popote duniani. Hakuna hata mmoja kati ya hao anayeonekana vizuri kutoka kwenye dirisha la basi.

Baharini ndiko hoja hii inakobana zaidi. Mwaka 2009 ilitangazwa Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga, kilomita za mraba 552, kuanzia mlango wa Mto Pangani mpaka Mafuriko, kaskazini kidogo ya Jiji la Tanga, ikivizunguka visiwa vya Yambe, Karange na Toten. Samaki aliyeipa jina hifadhi hiyo aliaminika kuwa alitoweka pamoja na madinosaria, hadi mmoja alipovuliwa Afrika Kusini mwaka 1938. Miaka ya 2000 wavuvi wa Tanga walianza kumtoa kwenye majarife yao, nyavu kubwa za kutegesha, mara nyingi kiasi cha kuwashangaza wanasayansi. Lakini silikanti huishi kwenye kina kirefu, mita mia moja na kuzidi, kwenye mapango ya miamba. Mtalii wa kawaida hatamwona hata akizamia mwaka mzima. Kitu pekee anachoweza kukipata ni masimulizi ya mvuvi aliyemvuta kwa mikono yake: alikuwa mzito kiasi gani, mapezi yake yenye nyama kama miguu yalichezaje sakafuni mwa chombo, na kwa nini jarife liliteremshwa chini kiasi kile. Mvuvi huyo yupo, anaishi Mwarongo, Kigombe, Tongoni. Swali ni kama yumo kwenye ratiba ya mgeni au ameachwa ufukweni akiangalia boti ya watalii inavyopita.

Kisiwa cha Maziwe kinaonyesha vizuri jinsi mambo ya huku yasivyokwenda kwa saa ya gari. Wazee wa Ushongo wanakikumbuka kikiwa na mivinje, na kasa wakipanda kutaga kwa wingi. Mmomonyoko ulikila, na kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980 kilichosalia ni fungu la mchanga mweupe katikati ya matumbawe, linalojitokeza maji yakipwa na kumezwa yakijaa. Ndiyo maana mayai ya kasa yanayokutwa Maziwe huhamishiwa Ushongo, la sivyo yangeharibiwa na maji ya chumvi. Sasa mchukue mgeni aliyetoka Dar es Salaam alfajiri na anayetaka kuwa Tanga mjini jioni. Siku za bamvua, bahari inapojaa na kupwa zaidi ya kawaida, maji hupwa asubuhi, na nahodha anataka mmetweka mapema ili mfike fungu likiwa wazi, mwogelee kwenye matumbawe na mrudi kabla upepo wa mchana haujachafua bahari. Kesho yake saa ya kupwa imeshasogea, keshokutwa imesogea tena, kwa sababu bahari inafuata mwezi. Anayeitaka Maziwe sharti alale Pangani au Ushongo jana yake, na pengine alale tena. Usiku huo mmoja ndani yake una chumba, chakula cha jioni, kifungua kinywa, samaki aliyenunuliwa mnadani na mshahara wa mpishi.

Amani ni hivyohivyo. Nimewahi kutembea njia za kule usiku na kijana wa kijiji cha jirani ambaye hakuhitaji ramani. Kinyonga akilala hupauka, na mwanga wa kurunzi ukimpiga anang'aa kwenye ncha ya tawi kama jani lililokosa rangi. Yule kijana aliwaona wakiwa mbali, akajua ni yupi mwenye pembe mbili puani na ni yupi wa aina nyingine kwa urefu wa tawi tu, akazima kurunzi ili tusikie komba na vyura, na akanieleza kwa Kisambaa na kwa Kiswahili mti gani unatumika kwa dawa gani. Mchana tulikuwa tumepita njia ileile bila kumwona kinyonga hata mmoja. Basi likileta watu arobaini Amani saa tano asubuhi na kuwarudisha Muheza saa tisa, watu hao watauona msitu kwa nje. Watalipa kiingilio, watanunua maji, wataondoka na picha za chai na ukungu. Kile ambacho kingewafanya wawasimulie wengine na kurudi tena kinaamka baada ya wao kuondoka.

Wapo watakaosema natia chumvi, kwamba fedha ni fedha, ziwe za mchana au za usiku. Wanaosema hivyo naomba wakumbuke kwamba mkoa huu umeshawahi kuijaza dunia utajiri na wenyewe ukabaki na masalia. Mwaka 1892 afisa wa Kijerumani aliyekuwa akisimamia Tanga, Baron Walter von Saint Paul-Illaire, aliliona ua dogo la zambarau la misitu ya huku, na likapelekwa Ujerumani. Mwaka uliofuata mtaalamu wa mimea Hermann Wendland alilisajili kisayansi kwa jina la afisa huyo, Saintpaulia. Leo ua hilo ni miongoni mwa maua ya chungu yanayouzwa sana duniani, liko kwenye madirisha ya nyumba za Ulaya, Marekani na Japani, na biashara yake yote imejengwa mbali na Muheza. Nyumbani bado linaota kwenye miamba yenye unyevu na kivuli, na linapotea pale kivuli kinapokatwa. Mwaka huohuo wa 1893 mkonge ulikuja upande wa pili: kati ya miche elfu moja iliyosafirishwa kutoka Florida kupitia Ujerumani, 62 tu ndiyo iliyofika hai ikapandwa Kikogwe, hapahapa Pangani. Kutokana na miche hiyo Tanganyika iliongoza dunia kwa mkonge, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 uzalishaji ulizidi tani 200,000 kwa mwaka. Kisha zikaja kamba za plastiki, bei ikaanguka, usimamizi nao ukayumba, na mashamba makubwa yakageuka vichaka. Katika hadithi ya kwanza tulitoa mmea tusipate kitu. Katika ya pili tulitoa ardhi na jasho la manamba, bei ikapangwa kwingine. Utalii unaweza kufuata njia zote mbili kwa pamoja, yaani mandhari yetu ikauzwa na kampuni ya mbali, kwa bei iliyopangwa mbali, huku kijana wa Zirai au Ushongo akiachiwa kubeba mizigo.

Hata hivyo, siandiki kuipinga barabara. Hoja nzito kabisa ya wanaoiunga mkono haina uhusiano na watalii. Ni ya mama mjamzito wa Mkwaja anayehitaji kufika hospitali, ya ndoo za samaki wa Kipumbwi zinazoharibika njiani, ya nazi, korosho na mwani vinavyonunuliwa kwa bei ya kutupa kwa sababu mnunuzi anatoza gharama ya makorongo. Nenda kwenye foleni ya kivuko cha Pangani wakati kivuko kimesimama ng'ambo: lori la nazi limezimwa, abiria wa basi wameshuka, mtoto analia kwa jua, na mgonjwa amelazwa kiti cha nyuma cha gari dogo, dereva wake akipiga honi ambayo haimsaidii. Katikati ya foleni hiyo kuna soko zima. Mwanamke mwenye sinia la mihogo ya kukaanga, muuza madafu, kijana anayemfuata kila mgeni mweupe kumwambia habari za boti ya mtoni na mji wa kale aliponyongwa Bushiri bin Salim mwaka 1889. Daraja likifunguliwa soko hilo litakufa siku hiyohiyo. Hakuna mwenye akili timamu atakayetaka mgonjwa aendelee kungoja ili madafu yauzwe. Lakini sijaona bado mahali palipopangwa kwa ajili ya wale waliokuwa wakimpata mteja pale, na kwa mfanyabiashara mdogo foleni ndiyo iliyokuwa tangazo lake. Magari yatapita kwa kasi, na atakayemsimamisha dereva ni mwenye kituo cha mafuta na mgahawa wenye maegesho makubwa.

Upande mwingine wapo wanaohofia kwamba barabara itaiua Saadani. Hofu yao ina mfano wa kuelekeza kidole. Barabara kuu ya kwenda Iringa na Zambia inakata Hifadhi ya Mikumi kwa kilomita zipatazo 50, na licha ya matuta, mabango ya mwendo na faini kwa anayegonga mnyama, wanyama wanaendelea kugongwa na mabasi na malori. Anayesema Saadani haitakuwa hivyo anapaswa kutueleza kwa nini, na kutueleza kabla malori ya mizigo ya Mombasa na Bandari ya Tanga hayajaizoea njia ya pwani. Hofu hii naiheshimu. Ninachotofautiana na wenye hofu hiyo ni tiba, kwa sababu baadhi yao wanaishia kutaka pwani ibaki haifikiki, kana kwamba vumbi na makorongo ni sera ya uhifadhi. Uduni wa barabara haukuwazuia wavuvi wa baruti kulipua matumbawe ya Tanga kwa miongo kadhaa, na haukuwazuia wakataji wa mikoko. Ubovu wa njia ulichelewesha doria na wanunuzi halali kuliko ulivyowachelewesha waharibifu.

Kuna hofu nyingine ambayo haipewi nafasi yake, nayo ni ya ardhi. Lami ikitangazwa tu, bei ya viwanja vya ufukweni huanza kupanda, na mwenye shida ya ada ya shule ndiye anayeuza wa kwanza. Sheria zipo. Mgeni asiye raia hamiliki ardhi isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji ulioidhinishwa, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaipa serikali ya kijiji na mkutano mkuu sauti, na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu zenye kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari. Lakini kila anayetembea ufukweni kutoka Dar es Salaam kwenda juu ameziona kuta zinazoshuka mpaka mchangani, na wavuvi wanaolazimika kuzunguka nyuma ya hoteli ili wafike bandari yao ya asili. Kijiji kisicho na mpango wa matumizi bora ya ardhi uliopitishwa na kusajiliwa kinaingia kwenye majadiliano na mnunuzi kikiwa mikono mitupu.

Sasa niigeukie hoja ambayo naiona dhaifu kuliko zote, ingawa ndiyo inayopigiwa makofi mikutanoni. Inasema: tujaze idadi kwanza, mengine yatajipanga. Mwaka 2024 nchi ilipokea wageni wa kimataifa zaidi ya milioni 2.1, kutoka milioni 1.8 mwaka 2023, na kila mkoa unataka fungu lake. Nani asiyetaka? Tatizo ni kwamba idadi haisemi chochote kuhusu kinachobaki. Tuchukue mfano wa kubuni tu. Basi moja la watu arobaini linasimama Pangani kwa muda wa saa mbili likielekea Tanga: soda arobaini, madafu machache, vyoo vinavyohitaji maji, taka za chupa. Kundi la watu wanne linalala usiku nne kati ya Ushongo na Amani: hayo ni malazi kumi na sita, milo zaidi ya thelathini, siku mbili za boti, siku mbili za mwongozaji, usafiri wa kupanda mlima, na uchafu wa watu wanne. Fungu la mchanga la Maziwe na njia nyembamba za Amani zinaweza kuwabeba hao wanne wiki baada ya wiki. Haziwezi kubeba watu wa basi arobaini-arobaini kila siku bila matumbawe kukanyagwa na kasa kuhama. Anayesema idadi kwanza anaiuza mali ambayo idadi hiyohiyo itaimaliza.

Ndugu yake hoja hiyo ni ile inayodai kwamba wenyeji hawana mtaji wala ujuzi, hivyo tungoje mwekezaji mkubwa aje atuonyeshe. Kuhusu mtaji wa majengo kuna ukweli ndani yake. Kuhusu ujuzi ni kinyume kabisa. Kuanzia mwaka 1994 vijiji vya pwani ya Tanga, vikisaidiwa na shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, na serikali ya Ireland, vilikaa na halmashauri zao vikakubaliana kufunga baadhi ya miamba isivuliwe, vikaweka doria na adhabu, na miamba ikapata nafasi ya kupumua. Watu walioweza kujizuia wenyewe kuvua mbele ya nyumba zao hawahitaji kufundishwa uhifadhi ni nini. Huko Amani wakulima walijifunza kufuga vipepeo: wanapanda miti ambayo kila aina ya kipepeo hutagia, wanalea viwavi kwenye vibanda vya neti, na kwa miaka kadhaa walikuwa wakiuza pupa, yaani viwavi waliojifunga kabla ya kuwa vipepeo, kwa maonyesho ya vipepeo ya nje ya nchi. Mkulima aliyekuwa akipata fedha kutoka kwa kipepeo wa msituni alikuwa na sababu ya kuulinda msitu ambayo hakuna askari anayeweza kuitia kichwani mwa mtu kwa virungu. Biashara hiyo ilipigwa na marufuku ya mwaka 2016 ya kusafirisha wanyamapori hai nje ya nchi, iliyolenga watoroshaji wa wanyama wakubwa lakini ikamkumba na mfuga vipepeo. Ujuzi ulikuwepo, soko lilikuwepo. Kilichokosekana ni sauti ya mkulima huyo mahali uamuzi ulipofanyika.

Ipo pingamizi nyingine nzito kuliko hizo, na anayeandika kuhusu utalii ikolojia akiikwepa hatendi haki. Uhifadhi wenyewe umewahi kuwanyang'anya watu. Pale Derema, kati ya vipande vya msitu wa Amani, wakulima zaidi ya elfu moja walikuwa na mashamba ya iliki chini ya miti mikubwa. Miaka ya 2000 mashamba hayo yalichukuliwa ili vipande vya msitu viungane, kwa fidia ambayo wengi waliilalamikia kwa kuchelewa na kwa kiwango chake. Kisayansi ushoroba ule ulikuwa na maana kubwa, ndege na wanyama walihitaji njia. Lakini iliki ilikuwa fedha taslimu kila msimu, na familia zilizoipoteza zina haki ya kuuliza: msitu huu uliolindwa kwa hasara yetu unaingiza nini, na sisi tuna nini ndani yake? Leo mgeni akilipia kiingilio cha hifadhi kwa namba ya malipo ya Serikali, fedha huondoka Usambara kabla yeye hajafunga kamba za viatu. Mimi naamini jibu la haki kwa watu wa Derema na vijiji vyenzake si kuufungua msitu, bali ni kuwapa kipaumbele cha wazi katika kila shilingi inayotokana na kutembea ndani yake: uongozaji, upishi, kambi, usafiri, na mgawo wa ada unaobandikwa kwenye ubao wa kijiji watu wausome. Bila hivyo, mkulima atakuwa amelipia likizo ya mtu mwingine.

Kuhusu wale wanaosema tusihangaike na vinyonga kwa kuwa bomba la mafuta kutoka Hoima, Uganda, kilomita 1,443, linaishia Chongoleani hapahapa Tanga, na bandari inapanuka, nitasema kifupi. Ajira nyingi za ujenzi wa bomba huisha na ujenzi. Na kadiri meli kubwa zinavyoongezeka katika maji yanayopakana na hifadhi ya silikanti, ndivyo tunavyohitaji watu wengi zaidi ambao riziki yao inategemea maji safi, watakaopiga kelele mapema wakiona doa la mafuta. Nahodha wa boti ya wageni ni mlinzi asiyelipwa na Serikali.

Kutokana na haya yote, naona mambo ambayo halmashauri za Pangani, Muheza na Jiji la Tanga, pamoja na TANAPA inayosimamia hifadhi za taifa, TFS inayosimamia misitu na mamlaka ya hifadhi za bahari, haziwezi kuyaahirisha. Kwanza ni ukomo. Maziwe inahitaji idadi ya boti na watu kwa siku, na njia za usiku za Amani zinahitaji ukubwa wa kundi na sharti la mwongozaji wa kijiji kinachopakana na msitu, ili gari la kampuni ya mbali likifika langoni dereva asigeuke kuwa mtaalamu wa misitu. Leseni ya mwongozaji wa eneo iwe nafuu na itolewe wilayani, kwa mtihani wa kile anachokijua: miti, ndege, maji, historia, huduma ya kwanza. Kijana yule wa kurunzi angeufaulu bila kusoma.

Jambo la pili ni mgeni wa ndani, ambaye mijadala yetu humsahau. Barabara hii itamleta kwanza mtu wa Mbagala, wa Kibaha, mwalimu na wanafunzi wake, familia inayotaka kutoka wikiendi kwa mara ya kwanza. Nyumba ya kulala wageni ya kawaida ya Pangani, yenye feni, chandarua na wali wa nazi, inamfaa yeye kuliko hoteli ya dola. Mabanda safi ya kambi Amani na Ushongo, kwa bei ya shilingi iliyoandikwa mlangoni, yangejaza usiku ambao mtalii wa nje hayupo, hasa miezi ya masika wakati hoteli nyingi za pwani hufunga milango na wafanyakazi wao hurudi nyumbani bila mshahara. Shule zinazokwenda Mapango ya Amboni asubuhi na kurudi jioni zingelala Amani usiku mmoja, na mtoto wa Dar es Salaam angejua kinyonga analala wapi.

La tatu ni ardhi, na hili lina saa yake. Mipango ya matumizi bora ya ardhi ya vijiji vilivyo kandokando ya lami, kuanzia Mkwaja na Sange, Mikocheni na Ushongo, mpaka Kigombe na Tongoni, ikamilishwe na kusajiliwa wakati bei ya ekari bado inaongeleka. Ndani yake zitengwe njia za wavuvi kushuka baharini, bandari zao, fukwe ambazo kasa hutaga na ambazo taa kali hazitaruhusiwa, na maeneo ya kambi yatakayobaki mali ya kijiji na kukodishwa, yasiuzwe. Mwekezaji mwenye nia njema atapendelea kukodi kwenye kijiji chenye ramani kuliko kununua kwa mtu mmoja na kuburuzana mahakamani na ukoo mzima. Mikutano mikuu ya vijiji hukaa kila robo mwaka kwa mujibu wa sheria, na ajenda hii ingeweza kuingizwa kwenye mkutano ujao bila kungoja mtu yeyote kutoka Dodoma.